Moyo Mchovu Hauongezewi Maji

Mwezi uliopita, vijana wangu wa kliniki, mliniaga kwa keki, soda na hotuba za watu ambao sikuwahi kuwaona wodini, kisha mimi mwenyewe nikapewa dakika chache za kushukuru. Nilikuwa bado kwenye salamu kijana aliyeongoza sherehe alipoanza kunikonyeza nikae. Nilikaa, kwa sababu nina adabu. Lakini nimestaafu mimi, hasira yangu haijastaafu, na hapa mezani kwangu Njiru, katika nyumba niliyoijenga bila msaada wa mume wala mjomba, hakuna wa kunikonyeza.

Vyeo sitavitaja, maana nilipewa kwa kuchelewa na waliochelewesha wanajijua. Nitataja kazi. Na katika kazi yote, nitataja ugonjwa mmoja ambao umeniudhi kuliko mingine, si kwa sababu ni mgumu kuutambua, bali kwa sababu sisi wenyewe tunausaidia kuua.

Nililelewa Huruma, katika chumba kimoja cha watu wengi. Vitabu vya diploma ya utabibu nilivisomea kwenye ngazi za nje, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Diploma ni hiyo moja tu, na nimeitumia kuliko wengine walivyotumia shahada zao mbili. Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati isiyokuwa mbali na ngazi hizohizo, mwanamume aliingia na kabla hajakaa akasema, "Daktari, niwekee maji."

"Unaumwa nini?"

"Sina nguvu. Maji yameisha mwilini."

Nilitaka kumpima. Mkubwa wangu, aliyekuwa akila chapati nyuma ya pazia, akaniambia bila kugeuka, "Mwekee. Asipowekewa hapa atawekewa ng'ambo ya barabara."

Sentensi hiyo nimeisikia katika kila kliniki niliyofanya kazi upande huu wa mji. Watu wetu wanaamini dripu kama wanavyoamini chai. Mtu amechoka, dripu. Amefiwa, dripu. Ametoka kujifungua, dripu. Na wengi hawadhuriki, ndiyo sababu desturi inaendelea. Anayedhurika ni yule ambaye msuli wa moyo wake umelegea, naye huwa hana alama usoni.

Hebu niwaeleze ugonjwa huu kama nilivyowaeleza wapangaji wa Huruma, maana nyinyi mliusomea kwenye slaidi, na slaidi haitoki jasho. Moyo ni pampu ya jengo. Ukiwa mzima, kila ukijikunja unasukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikubwa cha kushoto, na damu inafika hadi ghorofa ya juu kabisa, na kwenye figo, na kwenye vidole. Sasa kuna maradhi ambayo si mishipa iliyoziba wala vali iliyoharibika; ni nyama yenyewe ya moyo iliyochoka. Inatanuka kama mpira wa soksi iliyovaliwa sana. Inapiga, lakini inachosukuma ni kidogo. Wapangaji wa juu wanalia hawana maji, na huku chini ua umefurika. Kwa binadamu, ua huo ni mapafu na miguu. Mgonjwa anahisi amekauka, ana kizunguzungu, mkojo haba, presha iko chini. Na wakati huohuo anazama ndani kwa ndani. Mwenye nyumba mjinga akipigiwa kelele anafanya nini? Analeta lori la maji, anayamwaga kwenye tangi la chini. Pampu ni ileile.

Wengine hulegea moyo kwa presha isiyotibiwa, wengine kwa pombe, wengine kwa homa ya virusi, wengine wameurithi. Na wapo wanawake ambao hulegea mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa, wakiwa hawakuwa na shida yoyote. Kwa nini hasa, hata walioniajiri Ghuba, kwa Waarabu, wenye mashine za kifahari, hawakujua kikamilifu. Nawaambia ili msije mkamwambia mama yeyote kwamba ni uvivu.

Ghuba nilikwenda nikiwa nimechoka na sentensi ya chapati. Walinichukua kama msaidizi, wa kusukuma vitanda. Baada ya muda nilikuwa katika chumba cha eko, ile mashine inayopiga picha ya moyo kwa sauti usiyoisikia, sawa na ya kuangalia mtoto tumboni. Sikupewa nafasi hiyo kwa huruma. Niliichukua, kwa kubaki baada ya zamu wakati wenzangu walikimbilia simu zao. Aliyenifundisha ni Bi Nafisa, Msudani, mwanamke mrefu asiyecheka. Alikuwa ananipiga kofi dogo mkononi kila nikishika kichwa cha mashine kabla ya kumuuliza mgonjwa swali.

"Mashine haijui analala vipi," alikuwa akisema. "Muulize analalia mito mingapi."

Swali zuri sana kwa Ghuba. Niliporudi nyumbani nikamuuliza mama mmoja wa Huruma analalia mito mingapi, akaniangalia kana kwamba nimemuuliza ana magari mangapi. Nikalibadilisha. Ninauliza: ukilala chali inakuwaje? Usiku umewahi kuinuka ukatafuta dirisha? Maswali hayo hayahitaji umeme, na bado kila mwaka nilipokea vijana wanaopaka mgonjwa jeli kabla ya kumuuliza jina.

Nilirudi na mashine yangu ndogo ya kubeba begani. Wenzangu waliobaki nyuma walicheka, wakasema wengine hurudi na televisheni. Kicheko kiliisha walipoanza kuniletea wagonjwa wao. Wao ndio wa kwanza kuniita "Daktari wa Ughaibuni"; wa pili alikuwa Bi Zuhura, na yeye hakunuia sifa.

Bi Zuhura ana duka la jumla la mashuka na mapazia Eastleigh. Alianza kwa kutembeza kanga begani na leo wachuuzi wa mji mzima wanamsubiri afungue. Ninamtambua mtu aliyejitengeneza mwenyewe nikimwona, na nadhani ndiyo sababu hatukupatana. Mkwewe, Maryam, mke wa mwanawe Idris, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, msichana, na alikuwa katikati ya arobaini yake. Mnaijua arobaini: mzazi hatoki nje, hafanyi kazi, anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja tumboni, anakunywa supu asubuhi na jioni. Ni desturi ya upendo, nami siisemi vibaya. Ila nyuma ya pazia la arobaini mwanamke anaweza kuugua na kila dalili yake ikapewa jina zuri.

Mchana mmoja Bi Zuhura alipiga simu klinikini kwetu. "Nitumieni mtu aje aweke dripu ya pili," alisema. "Ya kwanza inakaribia kuisha na bado hana nguvu."

"Amelala?" nikauliza.

"Hajalala. Ameinamia marobota."

Nilichukua mashine nikaenda mwenyewe. Nyumba yake iko ghorofa ya tatu, juu ya maduka, na sebule nusu yake ni marobota ya mashuka. Maryam alikuwa ameketi sakafuni, kifua juu ya robota, mikono imelikumbatia kama mtu aliyeng'ang'ania gogo mtoni. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Dripu ilikuwa imening'inizwa kwenye ndoano ya pazia, inatiririka kwa kasi.

"Karibu, Daktari wa Ughaibuni," alisema Bi Zuhura. "Niliomba mtu wa dripu, wameniletea bosi."

"Nani aliweka hii?"

"Kijana wa kliniki ya hapo chini. Mstaarabu. Haulizi mengi."

Nikaifunga dripu. Bi Zuhura akasimama.

"Mbona unafunga? Huyu hajakojoa tangu asubuhi."

"Ndiyo sababu nafunga."

"Daktari, mimi nimezaa saba. Nimekaa na wazazi wa ukoo mzima. Huyu alikuja kwangu kama ufito. Tazama miguu sasa. Hiyo ni supu yangu."

Nilibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa Maryam, nikakitoa. Shimo likabaki palepale, limekaa kama alama kwenye unga.

"Unono hauachi shimo, Bi Zuhura. Haya ni maji."

"Na pumzi ni mkaja," akasema. "Nimeulegeza, nikaulegeza tena. Wasichana wa siku hizi hawawezi mkaja."

Ndipo Maryam akasema, neno moja kwa pumzi moja, "Nikilala nazama, mama."

"Anaota," Bi Zuhura akaniambia.

Nikwambieni kilichonichemsha. Msichana huyu alikuwa amesema maneno hayohayo kwa kila mtu. Mwishoni mwa mimba, alipoyasema kwenye duka la dawa, waliyaita homa ya mapafu wakampa vidonge. Alipoyasema kwenye kliniki ya kwanza, waliyaita pumu wakampa kifaa cha kuvuta. Jirani aliyaita kijicho. Mama mkwe aliyaita mkaja. Kijana wa chini alipima presha, akaikuta iko chini, akayaita upungufu wa maji. Kila mtu alikuwa na jina lake, na hakuna aliyeyachukua maneno yenyewe kama yalivyo: anazama. Ni maelezo sahihi kuliko yaliyomo katika vitabu vyangu.

"Anakwenda hospitali kuu sasa hivi," nikasema.

"Hatoki. Arobaini haijafika. Mwili wa mzazi uko wazi, upepo utamwingia, halafu wewe utarudi kwako Njiru na mimi nitabaki na maiti."

"Utabaki naye asipotoka."

"Usinitishe ndani ya nyumba yangu."

"Sikutishi. Ninakuambia."

"Huko kwa Waarabu walikufundisha kiburi peke yake?"

"Kiburi nilikwenda nacho."

Tukatazamana. Ningeweza kupiga kelele, na nina sauti ya kutosha. Lakini nilikuwa nimekaa na wafanyabiashara wa Eastleigh vya kutosha kujua kwamba hawanunui kelele.

"Ukiletewa shuka na muuzaji usiyemjua," nikamuuliza, "unafanya nini?"

"Naliweka mezani kando ya langu. Naangalia."

"Basi keti."

Aliketi, nadhani kwa mshangao. Sebuleni tulikuwa wanawake tu, kwa hiyo hakukuwa na shida ya kufungua dera. Nilimpaka jeli, akalalamika kwamba ni baridi, nikaweka kichwa cha mashine ubavuni mwake wa kushoto. Moyo wa Bi Zuhura ukatokea kwenye kioo kidogo: ngumi inayofunga na kufungua, kuta nene zikikutana vizuri. Alijinyoosha kidogo. Alikuwa anajivunia.

Kisha nikamgeukia Maryam, nikamfanyia vilevile akiwa ameketi, ameegemea robota. Moyo wake ulikuwa mkubwa na wa mviringo, na kuta zake zilitikisika tu, kama mfuko wa plastiki uliokwama kwenye ua na upepo ni mdogo. Ulipiga kwa haraka na haukusukuma kitu.

Bi Zuhura alitazama kwa muda. "Umeishika vizuri hiyo?"

Nilirudisha kichwa cha mashine kwake. Ngumi. Nikarudi kwa Maryam. Mfuko.

Bi Zuhura alipiga magoti nyuma ya mkwewe akaanza kufungua mkaja, tabaka kwa tabaka, mikono yake ikiwa haina haraka wala haina utulivu. Alipomaliza akasema, kwa sauti ileile anayotumia kuhusu mzigo uliofika na kasoro, "Huu hauwezi kukaa hapa. Tunaupeleka wapi?"

Hamali wa dukani walimshusha Maryam kwa kiti. Nilitembea mbele nikigombana na kila ngazi, maana kila tuliyekutana naye alitaka alazwe chali. Dereva wa ambulensi alitaka alazwe. Mzee mmoja aliyekuwa akinunua mapazia alitaka alazwe. Mgonjwa anayezama humlazi chali, jamani. Ukimlaza, maji ya miguuni yote yanapanda kifuani. Andikeni ukutani kama hamna pengine pa kuandika.

Kwenye lango tulikutana na kijana wa kliniki ya chini, yule mstaarabu, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi.

"Niaje, madam," akasema. "Mnampeleka wapi mgonjwa wangu?"

"Ulimuuliza analala vipi?"

"Presha ilikuwa chini kabisa. Nikaona maji yatapandisha. Na mathee mwenyewe, mkwe wake, ndiye alisema awekewe."

"Mathee ana diploma?"

"Zii," akatikisa kichwa.

"Wewe unayo?"

Alitazama viatu vyake. Anayo, na alama zake ni nzuri, nimemuulizia. Sikumchukia. Nilichukia kwamba hata angekataa, dripu ingewekwa ng'ambo ya barabara, na yeye alijua hivyo kama nilivyojua mimi siku yangu ya kwanza. Lakini kujua hivyo si ruhusa. Mgonjwa akiomba sumu kwa adabu, bado ni sumu.

Hospitalini karani alitaka kumpanga foleni ya kifua. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Daktari kijana alitoka, akamtazama Maryam shingoni, ambako mshipa ulikuwa umesimama kama kamba, akasema, "Nani ameruhusu huyu asubiri?" Nilimpenda papo hapo, mapenzi yaliyodumu mpaka aliponiuliza kama nina uhakika na kipimo changu. Walimpa dawa ya kutoa maji, na yakatoka. Walimpa oksijeni, kisha dawa za kuupumzisha na kuutegemeza moyo, polepole, siku baada ya siku. Walipima kama kuna damu iliyoganda ndani ya moyo, maana damu isiyosukumwa huganda. Siku aliyolala kwa mto wa kawaida, Bi Zuhura alinipigia simu kunijulisha, akakata kabla sijajibu.

Mngependa niishie hapo. Wengi wenu huishia hapo, ndiyo maana nimekasirika. Mgonjwa akitoka kwa miguu yake, faili linafungwa. Ugonjwa huu haufungwi hivyo. Moyo wa Maryam ulirudi, lakini haukurudi wote. Kila nilipompima niliona kuta zikikaza kidogo zaidi, kisha zikafika mahali zikasimama. Dawa zake ni za kila siku hata akijisikia mzima, na hasa akijisikia mzima. Na mimba nyingine inaweza kuulegeza moyo ule kuliko mara ya kwanza. Hili nililisema kwa Idris, aliyekuwa amerudi kutoka safari ya kufuata mzigo. Aliitikia kwa kichwa. Nililisema kwa Bi Zuhura, naye akaitikia. Kuitikia kwa kichwa ni rahisi nikiwa nimesimama hapo.

Mtoto alipokuwa anajifunza kutembea nilialikwa chai. Nilikuta mgeni, shangazi yake Idris kutoka Isiolo, mwanamke mnene wa heshima zake, aliyeketi katikati ya kochi kama mwenye kesi. Maryam alikuwa akimimina chai. Hakuna aliyeniambia nimeitiwa nini, lakini nilipoona Idris amejificha nyuma ya simu, nilielewa.

"Daktari," shangazi alianza, "tunashukuru kwa uliyofanya. Sasa msichana ni mzima. Anapanda ngazi, anapika, amenona vizuri. Huyu mtoto anahitaji ndugu. Idris anahitaji mwana. Wewe ulipewa elimu, mwambie asiogope."

"Si suala la kuogopa," nikasema, na nikaanza maelezo yangu ya pampu, ambayo ni mazuri sana. Shangazi aliyasikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mungu ndiye anayepanga mioyo," akasema. "Zuhura, na wewe umenyamaza? Wewe uliyezaa saba?"

Bi Zuhura alikuwa anaangalia kikombe chake. Nilimsubiri aseme alichokiona kwenye kioo. Nilimsubiri Idris. Nilikuwa tayari kusimama na kusema mimi, na kwa kweli nilikuwa nimeshaweka kikombe chini.

"Mtoto mmoja ni kama jicho moja," shangazi akamwambia Maryam. "Ulisikia wapi mtu akaridhika na jicho moja?"

Maryam aliweka birika kwenye trei. Alipanga mdomo wa birika usimwelekee mgeni, kama anavyotakiwa.

"Mwenye jicho moja anaona, shangazi," akasema. "Maiti haoni."

Kisha akamsogezea sukari.

Idris aliweka simu mfukoni. Bi Zuhura akamuuliza shangazi habari za ngamia wake, na habari za ngamia zikaenda mpaka adhana.

Maryam ana miadi mwezi ujao, na atakayemkuta kwenye chumba changu ni mmoja wenu. Atakuja na mama mkwe, ambaye ana sauti na atawajibia maswali yote. Msiandike majibu yake. Mgeuzieni kiti, mumuulize Maryam, na mkimaliza kumuuliza, mnyamaze.